Mpe blanketi kwanza, mahubiri baadaye

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Hawa watu wa dini wanaotoa misaada wanapiga kazi jamani, tusibishe, wale Sant'Egidio, jumuiya ya Wakatoliki wa Roma, walianza 1968 kama kikundi tu cha wanafunzi, baadaye wakapatanisha serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo miaka miwili na ushee mpaka amani ya Msumbiji ikasainiwa tarehe 4 Oktoba 1992! Kinachoniudhi ni wengine, mama yuko kambini kashika kadi yake ya msaada, mtoto analia mgongoni, anaambiwa mahubiri yaishe kwanza ndo apewe blanketi. Kanuni za Msalaba Mwekundu na wenzao za 1994 zinasema msaada usitumike kueneza dini, na mashirika kibao ya kidini yamezisaini yenyewe, sasa mbona wakifika kambini wanasahau?

Msomaji wenu