Maoni ya kanuni za bodaboda: tukutane Alhamisi

Hamjambo wanachama. Kikao cha kutoa maoni kuhusu rasimu ya kanuni za bodaboda ni Alhamisi saa tatu asubuhi, ukumbi wa chifu. Hatualikwi kwa hisani; ushiriki wa wananchi umo kwenye Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 10. Lakini kelele za steji haziingii kwenye ripoti. Andika: kipengele fulani, kibadilishwe hivi, kwa sababu hii. Helmeti na abiria mmoja tayari ni sheria, tusipotezee muda hapo. Tukazane na ada za mafunzo: atalipa mwenye pikipiki au anayeiendesha kwa hesabu ya siku? Nakala za rasimu anazo katibu (moja imemwagikiwa chai, inasomeka). Asiyeweza kuja anitumie sauti hapa kabla ya Jumatano jioni, nitamwandikia maoni yake.