Risala ya Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Sita

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Tunakushukuru kwa kufika, hasa kwa barabara yetu hii ya masika. Mwaka huu klabu yetu ilijipa kazi ya kuzitazama kwa macho mada tatu ambazo huishia ubaoni: semikondakta (vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi tu), kiini cha atomu na chembe za msingi.

Tulianza na semikondakta kwa sababu vifaa vyake vimejaa kwenye takataka za fundi redio. Taa ndogo nyekundu ya semikondakta (LED) tuliyoing'oa kwenye redio mbovu tuliiunga na mita, tukaianika juani. Mita ikasoma zaidi ya volti 1. Taa iliyozoea kula umeme, leo inautoa! Ndiyo kazi ya paneli ya sola iliyo juu ya bweni: mwanga unaing'oa elektroni ilipojishikiza, na pale tabaka la n (lenye elektroni za ziada) linapokutana na la p (lenye upungufu wa elektroni) inasukumwa upande mmoja tu.

Nyuklia ilitutia msukosuko. Mzazi mmoja aliuliza kama maabara italipuka. Mheshimiwa, badala ya atomu zenye mionzi tulitumia sarafu 64. Tulizirusha, kila iliyoonyesha kichwa tukasema imeoza, tukaiondoa. Zikabaki 35, kisha 16, kisha 9. Ipi itafuata hakuna ajuaye, ila kwamba karibu nusu itaondoka, hilo linajulikana. Kobalti-60, madini yatoayo mionzi ya kutibu saratani, nayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5.3 hivi, ndiyo maana chanzo kikizeeka mgonjwa hukaa chini ya mashine muda mrefu zaidi apate dozi ile ile.

Kwenye chembe tulikwama. Muoni, chembe iliyo kama elektroni ila nzito zaidi, huzaliwa juu angani, miale itokayo mbali inapogonga hewa, na kiganja chako hapo mezani kinapitiwa na mmoja hivi kila sekunde. Kuiona njia yake kunahitaji chombo cha ukungu, chenye spiriti na barafu kavu (gesi ya kabonidioksidi iliyogandishwa). Spiriti tunayo.

Tunaomba, basi, barafu kavu japo kilo chache, kipima mionzi kimoja, na nauli ya kwenda Arusha kuitembelea Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kipima mionzi kikipatikana, tutaanzia na mawe ya itale ya kilima cha nyuma ya jiko, kwani itale hutoa mionzi kidogo.

Tunaomba kuwasilisha.