Barua kwa mdogo wangu kuhusu uvimbe wa shingoni mwa mtoto

Leicester, Uingereza

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Umeniandikia kwamba hospitalini waliuita uvimbe wa mwanao limfanjioma, na kwamba tangu siku hiyo shemeji halali, kwa kuwa majina yanayoishia hivyo huyasikia yakitajwa pamoja na saratani. Mwambie kwamba hii si saratani, na jina lenyewe ndilo linalopotosha: tangu 1996 mabingwa wa mishipa wanauita hitilafu ya maumbile ya mishipa ya limfu.

Mishipa hiyo hukusanya majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa ya damu na kuyarudisha damuni. Mtoto anapoumbika tumboni, sehemu moja ya mishipa hiyo yaweza kukosa kuungana na mkondo mkuu, na majimaji yakatuama katika vifuko, hasa shingoni na kwapani. Vipande vyake huletwa katika maabara yetu, na kwenye hadubini naona vyumba vilivyozungukwa na safu moja tu ya seli bapa, zenye sura ya kawaida kabisa. Mara nyingi chanzo ni badiliko la jeni iitwayo PIK3CA katika baadhi ya seli za mahali pale, badiliko ambalo mtoto hakulirithi kwako wala kwa baba yake. Kwa hiyo mama mkwe, kwa heshima zote, aache kukuuliza ulikula nini ulipokuwa mjamzito.

Kwamba uvimbe ulikua ghafla alipopata mafua hakukunishangaza, maana maambukizi, au damu kuvujia ndani ya vifuko, huufanya uwe hivyo. Hapo ndipo watu hudhani ni jipu. Nakusihi, yule mzee wa mtaa wa pili asiuguse kwa wembe wala sindano. Na mtoto akipumua kwa shida, akishindwa kunyonya au akipata homa na uvimbe ukawa mwekundu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Matibabu hutegemea ukubwa wa vifuko. Vikiwa vikubwa, daktari huvitoboa akiongozwa na ultrasaundi, hunyonya majimaji, kisha huingiza dawa kama bleomisini au doksisaiklini ili kuta zishikane. Kazi hiyo huweza kurudiwa mara kadhaa. Vifuko vidogo vilivyosongamana kama sifongo ni vigumu zaidi, na baadhi ya watoto hupewa sirolimasi ya kunywa. Upasuaji nao upo, lakini shingoni mishipa ya fahamu ya uso hupita katikati ya uvimbe, na kinachobakizwa huweza kuota tena. Ndiyo maana nisingependa mkubali kisu kabla ya kuuliza kuhusu sindano.

Mwulize daktari vifuko ni vikubwa au vidogo, na unipigie picha ripoti ya ultrasaundi yote, pande zote mbili. Nauli ya kwenda kwa bingwa wa upasuaji wa watoto nimeituma jana kwa simu ya shemeji.

Dada yako