Risala ya Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Shinikizo la Juu la Damu Duniani, 17 Mei

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Viongozi wa kata, wataalamu wa afya, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Karibu sana. Maombi yetu ni machache, ila kwanza tueleze yanatokana na nini.

Mheshimiwa, wengi husubiri kichwa kiume ndipo wapime presha. Wengi wenye presha hawaumwi chochote, huku mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho ikiharibika, hadi siku kiharusi kinapowaangusha. Kujua ni kupima tu.

Lakini kipimo nacho hudanganya. Mtu aliyefika akihema, akafungiwa mkanda juu ya sweta, namba inayotoka si yake. Apumzike dakika 5, awe amekojoa, na kwa nusu saa asiwe amekunywa kahawa, kuvuta sigara wala kufanya kazi nzito. Aegemee kiti, nyayo zikanyage chini, asikunje nne. Mkono ulale mezani usawa wa moyo, mkanda ukae kwenye ngozi. Asizungumze, hapo ndipo tunaposhindwa, maana salamu za huku hazina mwisho. Apimwe tena baada ya dakika 1 au 2.

Namba ya juu ikiwa 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, kwa siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya juu. Ikifika 180 kwa 120 na kifua kinabana, pumzi inakata au ulimi umekuwa mzito, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Wapo wanaoacha vidonge namba ikishuka, wakidhani wamepona. Imeshuka kwa sababu wanameza.

Mheshimiwa, tunaomba mikanda mipana, kwani mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba na kumfanya mzima aitwe mgonjwa. Tunaomba mashine zikaguliwe kila mwaka, na dawa zisikatike zahanati. Kumwambia mtu ana presha kisha akose dawa ni kumwachia hofu. Mwisho, turuhusiwe kupima siku za gulio. Wajawazito hupimwa kila hudhurio la kliniki, ila wanaume tutawapata mnadani.

Tunaomba kuwasilisha.