YAH: MALALAMIKO KUHUSU ADAPTA YA SIMU YA INTANETI NA KAULI NILIYOTOLEWA KAUNTANI KWENU

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya mkataba mnayajua, adapta, yaani kile kifaa kinachounganisha simu yangu ya mezani na intaneti, mliniuzia ninyi, na aliyekuja kuifunga ni fundi wenu. Hayo sitayarudia.

Nauza dawa kwa jumla hapa Mwanza na mizigo naagiza Dar es Salaam kwa simu ya mezani. Tangu namba yangu ihamie kwenye adapta yenu, maneno yangu yanafika yakiwa yamekatwa mwanzo. Nimeagiza katoni kumi na sita za chumvichumvi za wanaoharisha (ORS), zikaja sita. Msambazaji anaapa alichosikia ni "sita" tu, na mimi namwamini, kwa sababu analalamika pia kwamba akizungumza nami anasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia. Nikipiga benki, nikiambiwa nibonyeze namba, nabonyeza na mashine yao haisikii kitu.

Nilikuja ofisini kwenu na adapta mkononi. Kijana wa kaunta hakuifungua hata boksi. Alinitazama, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni: "Bibi, kifaa ni kizima. Kapime masikio." Watu wakacheka.

Ndugu Meneja, wasiosikia ni wale ninaowapigia. Masikio yangu yanahusikaje?

Nikamwita fundi wa mitandao kwa gharama zangu. Adapta mmeiweka itumie kodeki (njia ya kugeuza sauti iwe data) ya G.729, inayobana sauti hadi kilobiti 8 kwa sekunde, na mmewasha kipengele cha kutotuma chochote mtu akinyamaza. Kipengele hicho kikichelewa kutambua kwamba nimeanza tena kusema, silabi za mwanzo zinapotea. Milio ya vitufe nayo inapitishwa ndani ya sauti hiyo iliyobanwa, inafika imeharibika, wakati kuna utaratibu wa kiufundi uitwao RFC 2833 (sasa RFC 4733) wa kuipeleka pembeni ya sauti. Mwangwi anaousikia msambazaji unaanzia upande wangu, kwenye adapta, ambayo kazi yake mojawapo ni kuuzuia. G.711, kodeki isiyoibana sauti kiasi hicho, ingetaka kilobiti 64 kwa sekunde, karibu 90 ukijumlisha vichwa vya pakiti (taarifa za njia zinazoambatana na kila kipande cha sauti), na mkongo mnaoniuzia una nafasi ya simu za namna hiyo nyingi kwa mpigo. Kurekebisha ni kazi ya dakika chache. Fundi ameshindwa kwa sababu mipangilio mmeifunga kwa neno la siri mnalolijua ninyi peke yenu.

Kabla ya siku ile ya kaunta nilikuwa nimeshapiga huduma kwa wateja na kuambiwa nizime kifaa na kukiwasha. Nilizima, nikawasha. Ndiyo maana nikaja mwenyewe, nikiamini nikionana na mtu ana kwa ana nitasikilizwa. Nikapanga foleni kama wengine, na nyuma yangu alikuwepo mwenye duka la dawa anayenunua kwangu. Mbele ya huyo mteja wangu ndipo kijana wenu alipoirudisha adapta kwa ncha ya kalamu, kama kitu kichafu, akaniambia nikapime masikio. Nilipomuuliza jina lake alikigeuza kitambulisho. Ni umri wa mjukuu wangu. Msimamizi aliyekaa nyuma yake alisikia kila neno, akainamia simu yake.

Naomba mbadilishe kodeki iwe G.711, mzime ukataji wa ukimya, mrekebishe mwangwi na milio ya vitufe. Naomba pia mnirudishie ada ya miezi yote niliyolipia simu isiyofaa, na gharama ya fundi. Kijana yule na msimamizi wake waje dukani kwangu waniombe radhi kwa mdomo na kwa maandishi. Kauli ilitolewa hadharani, na radhi iwe hadharani.

Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Zikipita, adapta nairudisha, fedha zote nazidai pamoja na hasara ya mzigo ule, na sitapokea tena mazungumzo ya kaunta. TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, huuliza kwanza kama mteja alilalamika kwa mtoa huduma. Nimelalamika, na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi yenu ninayo.

Wenu mteja,
Mwenye duka la dawa za jumla, Mwanza

Nakala: TCRA, Kanda ya Ziwa