Wito wa Harambee: Masanduku 20 ya Bundi kwa Mabonde ya Mpunga, Pemba

Assalaam alaykum ndugu zetu, mlioko nyumbani, Unguja, Dar es Salaam na Maskati.

Tunaona haya kurudi mlangoni kwenu baada ya kutuezekea madrasa, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini panya wanakata mpunga punje zikiwa bado maziwa, na sumu tunayowategea inammaliza bundi mla panya, mlinzi wa bonde. Kwa hiyo tunaomba mtusaidie kutengeneza masanduku 20 ya kutagia bundi huyo.

Bundi anaokotwa chini ya mwembe, mbawa zimetandazika, damu imekauka mdomoni. Hakupigwa jiwe. Sumu hiyo huzuia damu kuganda. Panya aliyeila hafi papo hapo. Hujikokota siku kadhaa mahali pa wazi, na huyo ndiye rahisi kukamatwa na bundi, ambaye humla pamoja na sumu yake. Wanaosema bundi ni uchuro, tunawaomba wapasue kidonge cha manyoya anachotapika: mtakuta mafuvu ya panya, meno ya njano bado yamo.

Bundi huyu mla panya hajengi kiota, hutaka pango la mti, na miembe mikongwe tumeikata. Bundi mdogo wa Pemba, asiyepatikana kwengine duniani, naye hutaga kwenye mashimo ya miti, katika msitu wa Ngezi na kwenye mashamba ya mikarafuu. Yeye chakula chake ni wadudu, na masanduku haya si yake. Kwake tunaomba mti mzee wenye pango usigeuzwe kuni.

Sanduku ni sm 60 kwa 45 kwa 45. Plaiwudi 3 za futi 8 kwa 4 hutoa masanduku 5, kwa hiyo tunahitaji 12, pamoja na skrubu (misumari hulegea plaiwudi ikilowa), vipande vya bati vya kufunika juu, na rangi ya nje tu. Mlango ni sm 15, ukingo wake sm 25 juu ya sakafu makinda yasidondoke. Sakafu itobolewe, maji yakisimama mayai huoza. Lifungwe mita 4 juu, mgongo kwenye kusi, na likaguliwe kabla ya msimu wa kutaga, kwani nyuki hulivamia.

Anayeweza alete plaiwudi, fundi alete siku moja ya kazi, asiye navyo aache sumu na atege mitego. Michango ipokewe kwa sheha; kila kitu kitaandikwa daftarini na kubandikwa ubaoni, Insha'Allah. Wengi mmesomeshwa kwa karafuu na mpunga wa mabonde haya, msitusahau. Tunataka masanduku yawe juu kabla mpunga haujatoa masuke.