Barua kwa mwanangu, kabla ya Jumamosi

Mwanangu Mwanaisha,

Salaam sana. Mama yako hajambo, ila tangu ulipopiga simu juzi analala na simu chini ya mto. Nami sikukujibu vizuri siku ile. Nilisema tu "haya, tutaongea," nikakata. Haikuwa hasira, mama. Nilikuwa nimezisoma zile jumbe walizokuandikia baada ya wewe kusimama kwenye baraza la chifu na kuuliza nani anakata mikoko. Hakuna hata mmoja aliyetaja mikoko. Wanauliza umeolewa na nani, nani anakulisha, na yule wa mwisho anasema anajua unashukia stendi gani jioni.

Maneno hayo nayajua. Nishawahi kuyacheka.

Mwaka 1989 nilikuwa makanga, kijana wa vijiweni. Wangari Maathai alikuwa akipinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kusimamishwa ndani ya Uhuru Park. Bungeni, badala ya kujibu habari ya bustani, wakasema kundi lake la wapanda miti ni la wanawake walioachika. Talaka yake ikawa ndiyo hoja! Pale kwenye kibanda cha chai tulisomeana gazeti, tukapiga meza kwa kicheko. Nami nilitia langu, sitaliandika hapa. Mwaka 1992 akawa na kina mama waliokuwa wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Polisi wakampiga hadi akazimia. Nikasema, si aliyataka? Januari 1999 akaenda kupanda miti msitu wa Karura, wanaume wenye marungu na mapanga wakampasua kichwa. Akafika kituo cha polisi, akatia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Siku hiyo hatukucheka. Lakini miaka kumi tulikuwa tumeshawazoesha watu kwamba yule si wa kusikilizwa, na asiyesikilizwa ni rahisi kupigwa.

Halafu yakaja ya hapa kwetu Mombasa. Unakumbuka Owino Uhuru, pale tulipokuwa tukipita ukienda shule? Kile kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari kupata madini ya risasi, na risasi hiyo ni sumu. Phyllis Omido aliajiriwa mle mwaka 2009, mtoto wake akaugua, na vipimo vikaonyesha sumu hiyo mwilini mwake. Ilipitia kwenye maziwa ya mama. Wazia hilo, wewe uliyenyonya miaka miwili. Alipoanza kupiga kelele alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, na watu wenye bunduki wakamvizia nyumbani kwake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mimi betri za matatu zilizokufa nilikuwa nikiwauzia watu wa vyuma chakavu. Zilikoishia sikuwahi kuuliza.

Jambo moja linanisumbua usiku. Mwaka 2015 Omido alipewa Tuzo ya Goldman, ile ya watetezi wa mazingira, na mwaka huohuo ikapewa pia Berta Cáceres wa Honduras, mwanamke wa Walenca, wenyeji wa asili wa huko, aliyezuia bwawa la umeme lisijengwe kwenye mto wao, Gualcarque. Machi 2016 Berta alipigwa risasi nyumbani kwake. Tuzo haikumkinga. Wala umri haukumkinga Joannah Stutchbury, mama wa miaka 67 aliyetetea msitu wa Kiambu. Julai 2021 aliuawa kwa risasi karibu na mlango wake.

Wanaume nao huuawa, sikatai. Ila mwanamume haanzwi kwa kuulizwa watoto amemwachia nani.

Mama yako anataka uache. Usimlaumu. Mimi nimekaa na hili siku nne na siwezi kukwambia uache, kwa sababu najua ningekuwa nakwambia kwa sauti ya wale wa kibanda cha chai. Lakini ya stendi si mzaha. Usifute ujumbe hata mmoja, hata ule mchafu unaokuchefua. Nenda kituoni na mwenzako, mkatae kuondoka bila namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha unitumie hiyo namba. Jioni usishukie palepale kila siku. Na ukisikia mwanamume wa kundi lenu anacheka mtu akiitwa malaya, hata kama ni mwenzenu wa mikoko, mwambieni palepale.

Jumamosi mkutano ni saa nane. Saa sita na nusu nitakuwa nimeegesha nje ya geti lenu, ile gari nyeupe yenye kioo cha nyuma kilichopasuka. Siku hiyo haipakii abiria. Mama yako naye anakuja. Amesema atakaa mbele.

Baba yako